Vitu Vilianza Kuniponyoka

Kama una doa kwenye ngozi ambalo haliwashi, haliumi, wala halisikii ukilikuna, usishukuru. Mimi nilishukuru. Langu lilikuwa nyuma ya mkono wa kuume, karibu na kiwiko, limepauka kidogo kuliko ngozi nyingine, na kwa kuwa halikunisumbua nililiacha likae. Ninaandika kwa ajili yako wewe unayeficha doa la namna hiyo ndani ya mkono wa blauzi. Habari za vidudu watakueleza waganga. Mimi nitakuambia tu ugonjwa ulivyonipata, ulivyoondoka na vitu vyangu, na watu wa nyumba yangu walivyokuwa.

Jina langu ni Juliana, lakini kwetu Rwambuzi, hapa Bunia, wote wananiita Mama Neema, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Mume wangu Dezire ni masoni, anajenga nyumba za watu. Mimi nilikuwa muuza samaki wabichi. Samaki wanaletwa asubuhi kutoka ziwani, mteja anachagua, ninapara magamba, ninapasua, ninakata vipande. Samaki anayempima muuzaji ni kambale. Mwili wake wote ni ute, hana gamba la kushikilia, na mara nyingi anafika sokoni bado anapiga mkia. Unapaka majivu viganjani, unambana nyuma ya kichwa, naye hana pa kwenda. Nilifundishwa na mama yangu kabla sijaolewa, na katika safu yetu ya samaki hakuna aliyenishinda.

Kisha kambale wakaanza kuniponyoka. Mmoja alianguka kutoka mezani, akateleza kwenye maji machafu mpaka chini ya meza ya muuza nyanya.

“Mama Neema, samaki yako iko inarudia ziwani na miguu!” akasema huyo wa nyanya, na soko likacheka. Mimi pia nilicheka.

Nilidhani ni majivu mabaya, nikatafuta mengine. Halafu vikaanza kuniponyoka hata vitu visivyo na utelezi: kikombe cha chai, ufunguo wa kufuli, sindano. Viganja vyangu vilikuwa vimekauka. Hata nikikaa kwenye jua kali havikutoa jasho, na sikuwa nimewahi kujua kwamba hilo jasho dogo ndilo linalomsaidia mtu kushika. Ngozi ikawa laini kama karatasi. Kitu kikigusa pale, kinapita tu.

Miguu nayo. Msimu wa mvua, njia ya kutoka sokoni mpaka kwetu inakuwa potopoto tupu, matope yanayomeza mguu na kuutema. Siku moja nilifika nyumbani, Neema akaniangalia chini.

“Mama, kambambili ingine iko wapi?”

Nilikuwa nimevaa ndara moja. Mguu mwingine ulikuwa mtupu, na mimi sikujua. Tulirudi njiani pamoja tukaikuta imezama kwenye potopoto, mbali, karibu na soko lenyewe. Kabla ya kwenda alinikalisha ili anioshe mguu. Nilikuwa ninamweleza tutakachopika nilipoona anachomoa kitu unyayoni kwa kucha zake. Kilikuwa kipande cha chupa. Alinionyesha, akaningoja nilie. Nikaendelea kuzungumza juu ya chakula. Tangu siku hiyo Neema alianza kuniangalia namna mtu anavyomwangalia mgeni.

Siku nyingine kisu kiliteleza. Mteja alikuwa mke wa mwalimu mmoja, anachukua samaki kwangu kila Ijumaa. Ninapasua, akanishika bega.

“Mama, damu!”

“Iko ya samaki.”

“Samaki gani iko na damu ya vile?”

Nikatazama. Kisu kilikuwa kimeingia kwenye kidole changu cha shahada mpaka kwenye weupe wa ndani. Nilisimama nikikiangalia kile kidole kama kilikuwa cha mtu mwingine, kitu nilichoombwa nikishike kwa muda. Yule mama aliondoka bila samaki wake.

Hapo ndipo nilipoanza maisha ya mabenchi. Kuna zahanati moja ndogo katika mtaa wa Shari ambako benchi la wagonjwa lilikuwa limesuguliwa na nguo za watu mpaka likang’aa, na sakafu yake imeinama. Tulikuwa tukiketi upande wa mlango, na kadiri tulivyosubiri tuliteleza taratibu kuelekea ukutani, tukiegemeana, mama mwenye mtoto wa surua akinilalia mimi, mimi nikimlalia mzee wa kikohozi. Walinipa pomadi. Waliponiona tena walinipa sindano. Mahali pengine niliambiwa ni rumatizmi, ugonjwa wa viungo, pengine kwamba damu yangu ni nzito. Dada mmoja wa maombi aliniwekea mikono, akaniuliza kama ninasikia moto. Nilisema ninausikia, kwa sababu watu walikuwa wakingoja. Mvua zikaisha, zikarudi. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kuume vikaanza kujikunja, na sikuweza kuvinyoosha tena.

Aliyeniona hasa alikuwa muuguzi mmoja mfupi, mwenye miwani, katika kituo kingine cha afya. Nitamwita Mama Anyesi. Hakuniuliza mengi. Alichukua kipande cha pamba, akakisokota ncha.

“Funga macho. Nikikugusa, onyesha na kidole fasi nimekugusa.”

Nilifunga macho. Nikangoja. Nje watu walikuwa wakigombania zamu, mtoto alikuwa akilia. Nikangoja tena.

“Mama, utaanza saa gani?” nikamwuliza.

“Nimemaliza,” akasema.

Nikafungua macho. Alikuwa amevua miwani na anaifuta. “Ni bukoma, mama. Inapona. Dawa iko, na hainunuliwi. Lakini ulikawia, na yenye imeshakufa kwa mukono, sitakudanganya, hatutairudisha yote.”

Ukoma. Mimi nilijua neno hilo kwa kulisikia likisomwa kanisani, na kwa mzee mmoja asiye na vidole aliyekuwa akikaa mlangoni pa kanisa tulipokuwa watoto. Mama yetu alitukataza kupita karibu naye. Nilitoka pale nikapita mtaani nimeficha mikono yote miwili ndani ya kikwembe, kitenge nilichojifunga, ingawa hakukuwa na cha kuonekana.

Dezire alikuwa nyuma ya nyumba, anaosha mwiko wake wa kazi. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Aliendelea kuosha ule mwiko mpaka nikamaliza, na hata nilipomaliza bado aliuosha.

“Nani anajua?”

“Weye tu.”

“Basi inabaki hapa.”

Hakunipiga, hakunifukuza, wapo walioolewa na wanaume waliofanya hivyo. Alihamisha tu mkeka wake mpaka chumba cha mbele. Alisema ni kwa sababu ya joto, na tulikuwa katikati ya mvua, wakati Bunia watu wanalala na sweta.

Hatukuwa peke yetu katika nyumba zetu mbili ndogo. Mama yake Dezire na dada yake Esperansi walikuwa wamekimbia vita kijijini kwao huko Djugu, wamefika kwetu na nguo za mwilini. Mama mkwe wangu watoto wanamwita Koko, yaani bibi, na mimi pia nitamwita hivyo.

Dawa zinatolewa kwa pakiti ya mwezi. Vidonge vya kwanza unavimeza mbele ya muuguzi, vinavyobaki unakwenda navyo. Pakiti ya kwanza nilipiga kelele chooni: mkojo ulikuwa mwekundu. Mama Anyesi alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa na kuona si kitu kimoja. Kufikia pakiti ya tatu au ya nne ngozi yangu ilikuwa imegeuka. Nilizaliwa na rangi ya maji ya kunde. Nikawa mweusi wenye wekundu ndani yake, kama chuma cha zamani, na ngozi ikapasuka kama matope ya kiangazi. Sokoni waliniuliza ninapaka nini. Kama na wewe umefika hapo, usiache kumeza. Rangi yangu ilirudi, ingawa ilichukua muda.

Koko hakuniuliza kitu. Asubuhi moja tu aliweka sahani mbele yangu, yenye pembe iliyomeguka. “Hii ni ya kwako,” akasema. Baadaye kikombe, baadaye ndoo ya kuogea. Nilijiuliza amejuaje, nikaamua kwamba Dezire amemwambia. Dezire aliapa hakusema.

Lakini Koko aliziba mdomo wake. Aliyeufungua ni Esperansi. Katika mazoezi ya kwaya waliombwa kutaja wagonjwa wa kuombewa, naye akataja “wifi yangu mwenye bukoma.” Nilizipata habari kabla hajafika nyumbani. Nikamngoja uani.

“Ulimi iliteleza, wifi,” akasema. “Haki ya Mungu, iliteleza tu.”

“Mbele ya kwaya muzima, Esperansi?”

“Sikupenda kusema. Ilitoka.”

Labda ni kweli. Hata leo sijui. Ninajua kwamba Jumatatu yake hakuna aliyesimama mbele ya meza yangu. Hakuna aliyenitukana. Wateja walipita wakiangalia upande wa pili, kana kwamba mahali pangu palikuwa shimo. Samaki wangu walilegea, macho yakawa meupe, nzi wakaja. Jirani zangu wa safu walisogeza meza zao kidogo, kesho yake wakasogeza tena. Mwishoni mwa juma mkubwa wa safu yetu alikuja, mama ninayemheshimu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

“Mama Neema, hatukufukuzi. Pumuzika tu kwanza.”

Nilifungasha visu vyangu. Hakuna aliyenisaidia kuinua beseni, nami lilinianguka mara mbili kabla sijatoka sokoni.

Watu wengi hawaambiwi kwamba ugonjwa huu unaweza kukupiga sana wakati dawa zinafanya kazi. Mimi niliambiwa, nikasahau. Mvua kubwa zilipoanza nilipata homa iliyonitetemesha. Uso ukavimba, vinundu vikatoka mashavuni, na kiwiko kikaniuma kama uzi wa moto umepitishwa ndani ya mfupa. Kumbe mkono uliokuwa umekufa bado ulijua kuuma. Mguu wa kushoto ukakataa kuinuka. Vidole vyake viliburuta chini nikitembea, vikachora mstari kwenye udongo wa uani. Mama Anyesi alinigusa kiwiko kidogo tu, nikapiga yowe.

“Hospitali ya Nyankunde,” akamwambia Dezire. “Kule wako na daktari ya hii. Musingoje. Huu mushipa ukikufa, mukono umekwisha.”

Tulingoja. Haikuwa kwa kupenda. Risasi zilikuwa zimesikika kwenye barabara hiyo na magari yalikuwa yamesimama. Nilikaa mlangoni nikiangalia mkono wangu ukijifunga siku baada ya siku, na hakuna cha kufanya. Magari yalipoanza kupita tena, Dezire alipata mwenye pikipiki aliyekubali kutubeba. Mimi nilikaa katikati, Dezire nyuma yangu. Alinishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Barabara ilikuwa utelezi, asingeweza kufanya vingine, lakini nilikuwa sijashikwa na mume wangu tangu ile siku ya mwiko, na pamoja na homa yote nilifunga macho ili nisipoteze hata kidogo cha mkono wake.

Mvua ilitukuta njiani. Kwenye mteremko mmoja gurudumu la nyuma lilikwenda kivyake, pikipiki ikalala, ikatuburuta, ikasimama juu ya mguu wangu. Injini ilizima. Nililala chali, mvua usoni, na nilikuwa sisikii maumivu yoyote. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Dezire aliinuka, matope mpaka kwenye nywele. “Uko muzima?”

“Niko muzima. Angalia yule kwanza.”

Mwenye pikipiki alikuwa anajipapasa goti. Tulikuwa tunapumua, tunataka hata kucheka. Kisha Dezire akanusa.

“Nini inaungua?”

Mimi pia nilisikia harufu. Ilikuwa kama ya mbuzi anapobabuliwa manyoya kabla ya kupasuliwa. Tuliangalia kote, kwenye mizigo, kwenye kiti. Mwenye pikipiki ndiye aliyeona kwanza, akapiga kelele. Bomba la moshi lilikuwa limelala juu ya mguu wangu wa kushoto, upande wa nje, juu ya kifundo. Wakainua. Ngozi ilibaki kwenye bomba.

Sijawahi kumwona Dezire akilia, hata walipoleta habari za kijiji chao. Siku ile alikaa kwenye matope akalia kwa sauti, kinywa wazi.

“Usilie,” nikamwambia. “Haiumi.”

Ndipo akalia zaidi.

Msimu ule wote wa mvua niliulala Nyankunde. Walinipa dawa za kutuliza mishipa, zikanivimbisha uso mpaka macho yakawa mistari, na zikanipa njaa ya aibu. Nilikula cha kwangu nikawa ninatazama cha jirani. Kidonda cha mguu kilinuka. Kila asubuhi walikifungua na mimi nilikiangalia kikisafishwa, nimetulia, huku mama wa kitanda cha pili aliyekuwa na jipu dogo akipiga mayowe. Nilimwonea wivu mayowe yake. Kidole kidogo cha mguu walikikata. Mkono waliuwahi nusu: ulibaki na vidole vitatu vinavyofanya kazi na viwili vilivyojikunja.

Kitanda cha upande wa dirisha kilikuwa na Mama Sifa, mwanamke mzee aliyepona ukoma zamani, aliyerudi kwa ajili ya kidonda. Hakuwa na vidole kabisa. Alijifunga kitambaa cha kichwa mwenyewe, alikula mwenyewe. Aliponiona nikiangusha kijiko mara kwa mara, alimtuma mtu amletee mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akanionyesha namna ya kuukata uwe utepe na kuuzungusha kwenye mpini. Mpira unakamata. Kijiko kilikaa mkononi mwangu.

“Kitu yenye inang’aa usiiamini,” akaniambia. “Sahani ya plastiki, kikombe ya kioo, sakafu ya simenti yenye maji. Na mukono yako haitakuambia tena kitu. Macho ndiyo itakuambia. Kabla ya kulala, angalia miguu yako vile unaangalia mutoto mwenye amerudi kucheza.”

Alinifundisha kuloweka mikono na miguu kwenye maji kila siku, kusugua ukavu kwa jiwe la mkwaruzo, kisha kupaka mafuta maji yakiwa bado mwilini, kwa sababu ngozi kavu inapasuka na ngozi yenye unyevu inashika. Ninakuandikia kama alivyoniambia. Ukifanya haya mawili, kuangalia na kuloweka, utabaki na vidole vyako.

Dezire alikuja mara kadhaa Jumapili. Barabara ikafungwa tena, na ilipofunguliwa hakuja. Alikuja Neema na sombe, majani ya muhogo, kwenye bakuli.

“Papa iko wapi?”

Alikunjua kitambaa cha bakuli muda mrefu. “Papa anakunywa, mama.”

Sikula siku hiyo, pamoja na ile njaa. Niliwaza kwamba nitatoka nimepona mwili na nyumba imekwisha. Sikuwa na wa kumlaumu. Nililala nikiangalia paa la mabati na maji yakishuka juu yake, na kwa majuma kadhaa sikupenda kuongea hata na Mama Sifa.

Mvua zilipokuwa zinapungua, Dezire alitokea mlangoni mwa wodi, amekonda, macho mekundu. Alikuwa na mfuko. Ndani mlikuwa na sandali alizomtengenezesha fundi kwa mpira wa tairi, pana, zenye mkanda wa kuzunguka kisigino ili zisichomoke. Alipiga magoti, akanivisha, akafunga mkanda, akaingiza kidole chake kuona kama haubani, kwa kuwa mimi nisingejua.

“Jaribu,” akasema.

Nilitembea mpaka kwenye dirisha na kurudi. Hakuomba msamaha na mimi sikumdai. Kunywa hakukuisha siku ile; kulipungua.

Nilirudi Rwambuzi kiangazi, vumbi jekundu juu ya kila jani. Nilikuwa nimebakiza pakiti chache. Mama Anyesi alikuja kuangalia ngozi za watu wote tunaoishi pamoja, kama wanavyofanya. Dezire alivua shati. Neema na mdogo wake walikuwa wasafi. Esperansi alilia tangu mwanzo mpaka mwisho, na alipoambiwa hana kitu aliketi chini. Ikabaki zamu ya Koko.

“Miye niko muzee,” akasema. “Munatafuta nini kwa ngozi ya muzee?” Akatoka kwenda jikoni kwake.

Sijui kwa nini sikuwa nimeona mapema. Siku iliyofuata Koko alikuwa akipika sombe kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Sufuria ilichemka. Aliiinua kwa mikono mitupu, bila kitambaa, akatembea nayo mpaka kwenye kivuli, akaitua chini polepole. Alikuwa akifanya hivyo tangu alipofika kwetu, na sote tulimsifu. Tulisema ni mikono ya wanawake wa zamani. Lakini mimi sasa nilikuwa mtu wa kuangalia. Nikamfuata, nikashika mkono wake, nikaugeuza. Kiganja kilikuwa makovu juu ya makovu, kavu, laini, kisicho na jasho. Kilikuwa kama changu.

Hakuuvuta.

“Toka wakati gani, Koko?”

Aliangalia kwanza mlangoni. “Esperansi alikuwa bado anasoma.”

Ilikuwa miaka mingi kabla ya kukimbia, kabla hajalala mkeka mmoja na watoto wangu.

“Ulijua yangu,” nikamwambia. “Ulijua kabla ya kuambiwa. Uliniwekea sahani.”

“Nilijua.”

“Sababu gani, mama?”

Akasema kwa sauti ndogo, bila kulia: “Nilisema, wakiangalia weye, hawataniangalia miye.”

Nilimwachia mkono. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, na hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye. Inawezekana ugonjwa niliupata kwake, inawezekana kwingine. Mama Anyesi anasema hakuna anayeweza kujua. Lakini nilifikiria meza yangu, na watoto wangu. Ilikuwa rahisi kutoka tu na kuuachia ulimi wangu uteleze kama wa Esperansi, mtaa wote usikie. Nilikaa pale mpaka kivuli kikahama. Halafu nikarudi, nikamwambia ajitayarishe, kesho tunakwenda pamoja. Nilidhani atakataa. Alikwenda akaoga.

Haya yote Koko ameyasikia. Neema amemsomea, na Koko mwenyewe ndiye aliyesema nisifiche jambo lake.

Kituoni Mama Anyesi alimjaribu na pamba, akampa vidonge vya kwanza, akavimeza. Tulirudi polepole, mimi na mguu wangu, yeye na uzee wake. Habari kama hiyo haiwezi kufichwa katika nyumba ndogo. Jioni tulipokuwa tumekaa kula, Esperansi aliona pakiti kwenye fundo la kikwembe cha mama yake. Aliitambua, alikuwa ameziona zangu. Akasimama.

“Umemupatia mama yetu,” akaniambia. “Haikutosha weye. Umemumaliza na mama.”

Dezire aliacha kutafuna. Aliniangalia, na nikaona kwamba yeye pia anauliza. Sikujibu. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba neno hilo halitatoka kwangu, lakini sikuwa nimejua lingekuwa zito vile mdomoni. Neema alianza kusema kitu, nikamtikisia kichwa.

“Kaa chini,” Koko akasema.

“Mama, huyu...”

“Kaa chini, Esperansi. Miye ndiye wa kwanza. Iko ndani yangu toka kule kwetu. Yeye ameinyamazia, na hakuwa na deni ya kuninyamazia.”

Hakuna aliyekula tena. Dezire alimwuliza mama yake kwa nini alificha, miaka yote, na dawa ipo. Koko alisafisha vidole vyake, kimoja kimoja, akiviangalia.

“Nilikuwa na kaka,” akasema. “Alipata hii. Wazee walimujengea kibanda ya majani mbali, nyuma ya shamba ya mihogo. Miye ndiye nilikuwa ninamupelekea chakula, ninaweka juu ya jiwe, ninarudi. Tulikatazwa kufika. Ninamuitia kutoka kwa jiwe, anaitikia. Siku moja nilikuta chakula ya jana iko palepale. Nikaita. Hakuitikia. Nilisema nyumbani, wakanikataza kutaja jina yake tena, ili tupate kuolewa.”

Dezire ni mtu mzima, mvi zimeanza. Hakuwa amewahi kusikia kwamba alikuwa na mjomba.

“Jina yake ni nani?” akauliza.

Koko alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. “Ngabu,” akasema. Kisha akalisema mara ya pili, kwa sauti kubwa kidogo na ya kuvuta, kama mtu anayemwita mwingine aliye mbali shambani.